Kuandika Mtaala wa Shahada ya Uhandisi: Mwongozo Kamili kwa Kamati ya Idara

Idara nyingi zikiambiwa zipitie mtaala, kazi huenda hivi: faili la zamani linafunguliwa, majina ya masomo mawili matatu yanabadilishwa, neno "kidijitali" linapachikwa hapa na pale, kisha kila mhadhiri anatumiwa kipande chake akirekebishe. Baada ya miezi kadhaa kinatoka kitabu kinene ambacho hakuna aliyekisoma chote. Mtu pekee atakayekutana nacho kizima ni mwanafunzi, na yeye hakuulizwa.

Mwongozo huu ni wa kamati inayotaka kupita njia nyingine. Mfano nitakaoutumia ni Shahada ya Uhandisi wa Umeme ya miaka minne katika chuo cha Tanzania. Kenya shahada ya uhandisi ni ya miaka mitano na bodi yao ya usajili wa wahandisi ni nyingine, lakini mpangilio wa hatua ni uleule. Jambo moja litajirudia kila mahali: mtaala ni mgawanyo wa saa za mwanafunzi. Hoja yoyote nzuri ikiletwa mezani, swali la kwanza liwe saa zake zinatoka wapi.

Kwanza, jueni mlichorithi

Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Kenya, Tanzania na Uganda, uhandisi ulisomwa Nairobi, sheria Dar es Salaam na udaktari Makerere. Dar es Salaam ilipata kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Umbo la shahada tuliloliona likizoeleka, yaani hisabati na fizikia miaka ya mwanzo, nadharia za uhandisi katikati, mradi mmoja mwishoni, lilishakuwa desturi ya dunia kabla yetu. Marekani ililitia nguvu kwa ripoti ya kamati ya L. E. Grinter ya mwaka 1955, iliyotaka mhandisi ajengwe juu ya sayansi. Faida ilikuwa kubwa, kwa kuwa mhandisi aliacha kutegemea majedwali ya kukariri. Hasara yake ni kwamba saa za karakana na usanifu zilipungua mwaka hadi mwaka.

Tangu hapo wengi wamejaribu kusawazisha. Chuo cha Aalborg, Denmark, kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa karibu nusu ya muda wa mwanafunzi kwa miradi ya vikundi. Chuo cha MIT cha Marekani pamoja na vyuo vitatu vya Sweden, Chalmers, KTH na Linköping, walianzisha mpango wa CDIO mwaka 2000, unaotaka mwanafunzi abuni wazo, asanifu, atengeneze na aendeshe kitu tangu mwaka wa kwanza. Bodi ya ithibati ya Marekani, ABET, nayo ilipitisha mwaka 1996 vigezo vipya vilivyohamisha swali kutoka "mmefundisha nini" kwenda "mhitimu anaweza kufanya nini". Mamlaka nyingi za ithibati duniani sasa zinauliza hilo la pili. Msijibu la kwanza.

Hatua ya 1: Undeni kamati ndogo

Watu watano hadi saba wanatosha. Wakizidi hapo mnapata mkutano wa hadhara. Lazima awepo mhitimu aliyemaliza miaka mitatu au minne iliyopita, mwajiri mmoja, na fundi sanifu wa maabara. Huyu wa mwisho husahaulika kila mara, ilhali ndiye anayejua mashine ipi haijazungushwa tangu imefungwa na zoezi lipi wanafunzi wanalinakili kwa wenzao wa mwaka jana.

Mwenyekiti asiwe mtu mwenye masomo mengi kuliko wote kwenye mtaala uliopo. Sababu mtaziona hatua ya nne.

Hatua ya 2: Nendeni mkaione kazi yenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda, na ndipo kamati nyingi hupita mbio. Huitwa warsha ya wadau, watu hamsini, chai na vitafunwa, kisha waajiri wanasema wimbo uleule: wahitimu hawana vitendo. Kila mtu anatikisa kichwa. Sentensi hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa somo, kwa hiyo mkirudi ofisini hamna kitu.

Ulizeni maswali yenye meno. Mhitimu aliporipoti, wiki ya kwanza ulimpa kazi gani? Alikwama wapi hasa? Nani alimsaidia? Ni kazi gani ambayo hata baada ya mwaka mmoja huthubutu kumwachia peke yake, na kwa nini? Mkiuliza hivyo kwenye kituo cha kupozea umeme, "hana vitendo" huanza kujigawa vipande. Kimoja huwa ni kusoma mchoro wa nyaya za rilei, vifaa vinavyotambua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe. Kingine ni kuandika taarifa ya hitilafu ya ukurasa mmoja inayoeleweka. Kingine ni woga wa kumsimamia fundi mchundo mwenye umri wa baba yake. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake darasani.

Kisha tazameni nchi inajenga nini. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na umeme wake unatoka kwa njia ya msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 inaendeshwa kwa kilovolti 25 za fezi moja, wakati gridi hubeba umeme kwa fezi tatu zinazopaswa kugawana mzigo sawasawa. Mzigo wa fezi moja mkubwa namna hiyo, unaosogea, unaleta matatizo ya uwiano wa fezi ambayo mtaala wa mwaka 2005 haukuwa na haja ya kuyagusa. Vijijini nako kuna sola, pampu na mitandao midogo ya umeme. Msikimbilie kuanzisha somo jipya kwa kila kitu kipya. Andikeni tu: mhitimu wetu atakutana na nini, na ni maarifa gani ya msingi yaliyojificha chini yake. Chini ya treni ya umeme kuna mashine, elektroniki ya nguvu na uchambuzi wa mifumo ya fezi tatu isiyo na uwiano. Hayo hayazeeki haraka.

Tembeleeni sehemu chache, zenye sura tofauti: shirika kubwa kama TANESCO, kiwanda, kampuni ndogo ya kufunga sola, ofisi ya ushauri wa kihandisi. Waulizeni pia wahitimu walioacha uhandisi wakaenda benki au biashara. Wana mengi ya kusema, na hawamwogopi mtu.

Hatua ya 3: Andikeni matokeo ya programu, yawe machache

Matokeo ya programu ni sentensi zinazosema mhitimu ataweza kufanya nini siku anapovaa joho. Kumi au kumi na moja ni mengi ya kutosha. Mkihitaji kianzio, tumieni sifa za mhitimu za Mkataba wa Washington, makubaliano ya mwaka 1989 ambayo kwayo nchi wanachama hutambuliana shahada zao za uhandisi. Toleo la mwaka 2021 lina sifa 11: maarifa ya uhandisi, uchambuzi wa matatizo, usanifu, uchunguzi, matumizi ya zana, mhandisi na ulimwengu wake, maadili, kazi ya mtu binafsi na ya timu, mawasiliano, usimamizi wa miradi na fedha, na kujifunza maisha yote. Hata nchi isiyo mwanachama inaweza kuyatumia kama kipimo, na mhitimu wenu akienda kuomba kazi nje mtakuwa mmemsaidia.

Msiyanakili yalivyo. "Mhitimu atakuwa na uwezo wa kuwasiliana" haina mwili. Jaribuni hivi: "Mhitimu ataeleza usanifu wake kwa wahandisi wenzake kwa Kiingereza, kwa maandishi na michoro inayofuata viwango, na kwa mafundi na wananchi kwa Kiswahili, kwa namna inayowawezesha kuuliza na kupinga." Hiyo inapimika. Pia inaonyesha pengo: mwanafunzi anafundishwa miaka minne kwa lugha moja, kisha siku ya kwanza saiti anaongea na mafundi kwa lugha nyingine.

Chagueni vitenzi kwa uangalifu. "Kuelewa" na "kufahamu" havipimiki, vitoeni. Wekeni kukokotoa, kulinganisha, kusanifu, kupima, kutetea, kukosoa. Na msiandike vyote kwa ngazi ya juu. Mwaka wa kwanza kuna haki ya kukokotoa tu.

Hatua ya 4: Hesabuni saa kabla ya kutaja somo lolote

Katika mfumo wa Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Mwaka mmoja ni krediti 120, miaka minne ni 480. Mna saa 4,800. Hizo ndizo zote. Ulaya mwaka wa krediti 60 za ECTS hubeba saa 1,500 hadi 1,800, kwa hiyo mkinakili mtaala wa huko somo kwa somo, mmeshazidisha mzigo kabla hamjaanza.

Chukueni muhula wa krediti 60, saa 600. Ukiugawa kwa wiki 15, mwanafunzi ana saa 40 za kazi kwa wiki. Ni wiki kamili ya mfanyakazi. Sasa pangeni masomo manane ya krediti 8, kila moja likiwa na zoezi la wiki, jaribio na ripoti ya maabara. Kwenye karatasi ni krediti 64, hakuna atakayeshtuka. Kwa mwanafunzi ni tarehe nane za kukusanya kazi zinazogongana, na anachofanya ni kile ambacho kila mtu mwenye akili angefanya: anatafuta madesa ya mwaka jana. Mnalaumu uvivu wake, kumbe ni ratiba yenu. Masomo matano ya krediti 12 kila moja, jumla 60, hubeba karibu kiasi kilekile cha kazi na humwachia mtu nafasi ya kufikiri.

Somo la krediti 12 ni saa 120. Mgawo wenye akili ni mihadhara saa 45, semina 15, maabara 15 na kazi binafsi 45. Mhadhiri anayesema "somo langu haliwezi kuisha kwa mihadhara mitatu kwa wiki" mwambieni aonyeshe anakata nini katika hizo 45 za mwisho. Hana mahali pengine pa kuchukua.

Kwa mfano wetu wa umeme, ningeanza na mgawo huu na kuacha kamati ibishane kutoka hapo. Hisabati na sayansi ya msingi krediti 80. Sayansi ya uhandisi, yaani saketi, sumaku-umeme, elektroniki, ishara na mifumo, 130. Fani yenyewe, mashine, mifumo ya nguvu, ulinzi wa mifumo, udhibiti, 110. Usanifu na miradi 70. Mafunzo kwa vitendo viwandani 30. Kompyuta na uandishi wa programu 25. Uchumi, usimamizi, maadili na mawasiliano 25. Masomo ya kuchagua 10. Jumla 480.

Wengi wakiona hizo 70 za miradi watasema ni nyingi, na wakiona 80 za hisabati watasema ni chache. Hapo ndipo sheria moja ya kamati inapofanya kazi: anayetaka kuongeza krediti 12 aje na jina la krediti 12 za kuondoa, na mwenye somo linaloondolewa awepo chumbani. Bila sheria hiyo mtaala utavimba kila mkutano, kwa kuwa kuongeza hakumuudhi mtu. Ndiyo maana nikasema mwenyekiti asiwe mwenye masomo mengi.

Hatua ya 5: Pangeni kutoka mwaka wa nne kurudi nyuma

Anzeni na mradi wa mwisho. Mwanafunzi anayesanifu ulinzi wa njia ya umeme ya kilovolti 33 anahitaji kujua nini mwaka wa tatu? Uchambuzi wa hitilafu. Hiyo inahitaji nini? Mifumo ya fezi tatu, transfoma, matriki. Hizo zinahitaji nini? Namba changamani na saketi. Endeleeni hivyo hadi mfike siku ya kwanza chuoni. Chochote ambacho hakijaguswa na mshale wowote kitetewe kwa sababu nyingine, au kiondoke.

Chora mishale yote kwenye karatasi moja kubwa ukutani. Mtaona mambo mawili. La kwanza, kuna mada zinafundishwa mara tatu na wahadhiri watatu wasiojuana. La pili, baya zaidi, kuna somo moja lenye mishale kumi inayotoka kwake. Mara nyingi ni hisabati ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi akipata sapu (mtihani wa marudio) hapo anakwama kila mahali, na akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, amedisko kwa sababu ya somo ambalo huenda halikufundishwa na mhandisi wala kuonyeshwa linakwenda wapi. Gawanyeni somo la namna hiyo, au lirudiwe kila muhula, au ondoeni sharti la kulifaulu kwanza pale ambapo ni mazoea tu. Sharti la utangulizi liwepo mahali ambapo kweli huwezi kufuata bila hilo.

Wekeni mradi mdogo kila mwaka. Mwaka wa kwanza usingoje nadharia. Mpe mwanafunzi kifaa cha kuvunja na kuunda upya, mita ya umeme, waya, na ripoti ya kurasa mbili. Atakapokutana na milinganyo ya saketi atakuwa na swali kichwani, na hiyo ni nusu ya kazi.

Hatua ya 6: Andikeni somo moja kikamilifu, liwe kielelezo

Kabla ya kugawa kazi kwa wahadhiri, kamati iandike somo moja lote, wengine waige. Nitachukua mradi wa mwaka wa pili, krediti 10, saa 100: pampu ya sola kwa kisima kirefu cha kijiji.

Tatizo lipewe kama linavyotoka RUWASA, wakala wa maji vijijini, au kwenye chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii: kijiji kinahitaji lita 20,000 kwa siku, na maji yainuliwe mita 60 kutoka kisimani hadi kwenye tangi. Mwanafunzi anaanza na nishati. Kilo 20,000 mara 9.81 mara mita 60 ni megajuli 11.8 hivi, sawa na kilowati-saa 3.3. Hiyo ni ya maji peke yake. Pampu, mota na kidhibiti vinapoteza, na akichukua ufanisi wa jumla wa asilimia 40, anahitaji kilowati-saa 8.2 kwa siku. Akigawa kwa saa 5 za jua lenye nguvu kamili kwa siku, anapata kilowati 1.6. Joto na vumbi vinapunguza, kwa hiyo anaweka paneli za kilowati 2 na ushee.

Hapo amefanya hesabu ya kidato cha sita, na somo bado halijaanza. Sasa muulizeni: msuguano wa bomba umeuweka wapi? Mwezi wenye mawingu kuliko yote utafanyaje, uongeze paneli au uongeze tangi, na ipi ni rahisi kwa shilingi? Radi ikipiga? Paneli zikiibiwa? Nani atabadilisha pampu baada ya miaka minane, na ndoo moja iuzwe bei gani ili hela hiyo iwepo? Kila swali linafungua somo jingine kwenye mtaala, na mwanafunzi anakwenda kulisoma akijua analiendea nini.

Matokeo ya somo hili yawe manne au matano, kila moja likiwa na shughuli yake na kipimo chake. Tokeo linasema "atachagua ukubwa wa mfumo na kutetea makadirio yake". Shughuli ni kikao cha kila wiki ambapo kikundi kinahojiwa. Kipimo ni utetezi wa mdomo mbele ya mhadhiri na fundi wa maji. Tokeo likikosa kipimo, lifuteni. Kipimo kikikosa tokeo, ulizeni kwa nini mnampima mtu kitu ambacho hamkumwahidi. Kisha chukueni lahajedwali: masomo yote kushuka, matokeo ya programu kwenda kulia, na wekeni alama mahali tokeo linapoanzishwa, linapokuzwa na linapopimwa kwa mara ya mwisho. Safu ya maadili mara nyingi hukutwa na alama moja tu, kwenye somo la mwaka wa nne lenye wanafunzi wanaochati. Tawanyeni: gharama ya uamuzi mbaya na uaminifu wa vipimo vinafaa kuwemo kwenye maabara ya mwaka wa kwanza, siku mwanafunzi anapoona data yake haifanani na kitabu na anashawishika kuinyoosha.

Hatua ya 7: Mtaala ufuate maabara iliyopo

Zungukeni na yule fundi sanifu. Orodhesheni kinachofanya kazi, kinachotengenezeka, na kilichokufa. Msiandike zoezi linalotegemea mashine ya kundi la tatu kwa matumaini kwamba wafadhili watakuja.

Hesabu nyingine ni ya viti. Wanafunzi 120, vikundi vya watu 4, ni vikundi 30. Kama mna meza 5 na zoezi ni saa 3, zoezi moja linachukua vipindi 6, saa 18 za maabara. Mazoezi sita katika masomo manne kwa muhula? Pigeni hesabu, mtaona kwa nini mwisho wake ni wanafunzi kumi na wawili kuizunguka osiloskopu moja huku mmoja akishika vifundo. Bora mazoezi manne ambayo kila mtu anagusa kuliko kumi ya kutazama. Uigaji wa kompyuta unasaidia, hasa kwa mambo hatari kama hitilafu za msongo mkubwa, na programu huria kama Python hazidai ada ya leseni. Lakini usichukue nafasi ya kuungua vidole kidogo kwa chuma cha kulehemu.

Hatua ya 8: Badilisheni mitihani, la sivyo hakuna kilichobadilika

Mwanafunzi hasomi mtaala, anasoma mitihani ya miaka iliyopita. Kama mtihani wa chuo wenye asilimia 60 unauliza "taja na eleza", basi hatua zote saba zilizopita ni mapambo. Chukueni mitihani ya miaka mitano ya kila somo, hesabuni maswali yanayojibika kwa kukariri, na wekeni matokeo mezani bila majina ya wahadhiri. Ukimya utakaofuata utafanya kazi kuliko semina yoyote.

Mfano wa kubadili: badala ya "eleza aina za ulinzi wa transfoma", mpeni mchoro wa kituo, kumbukumbu za rilei za usiku wa hitilafu, na muulizeni ni rilei ipi ilikosea na angerekebisha nini. Miradi iwe na alama ya mtu binafsi ndani ya alama ya kikundi, kwa mahojiano mafupi. Vinginevyo kila kikundi cha watu watano kitakuwa na mhandisi mmoja na abiria wanne.

Hatua ya 9: Mafunzo kwa vitendo yapewe hesabu ya kweli

Wiki nane za mwaka mmoja, kwa saa 40 kila wiki, ni saa 320, yaani krediti 32. Katika mgawo wangu nimeyapa krediti 10 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kwa sababu yanafanyika likizoni na alama zake ni ngumu kulinganisha kati ya kiwanda na kiwanda. Semeni hilo wazi kwenye waraka, msiliache lijifiche.

Kila mwaka uwe na lengo lake. Wa kwanza: kazi za mikono chini ya fundi mchundo, na usalama. Wa pili: kazi za fundi sanifu, vipimo, matengenezo, michoro. Wa tatu: kukaa na mhandisi, kuona bajeti, zabuni, maamuzi. Bila mpangilio huo mwanafunzi atatumwa kununua soda miaka yote mitatu. Kitabu chake cha kila siku kisomwe na mtu, na swali moja liulizwe anaporudi mbele ya darasa: ulikuta kitu gani ambacho hatukufundishi, na ulikuta kitu gani tunachofundisha ambacho hakuna anayekitumia? Majibu hayo ni ghali, yahifadhini kwa ajili ya mapitio yajayo.

Hatua ya 10: Ithibati, na milango miwili

Rasimu inapanda kutoka idara kwenda bodi ya ndaki, kamati za chuo, Seneti, kisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu, na lugha ya rasimu ilingane na ngazi hiyo. Mlango wa pili ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyopo kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Bodi ndiyo itakayomwandikisha mhitimu wenu kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi, ikiwemo ile ya SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu ulioanza mwaka 2003, kumpandisha kuwa mhandisi mtaalamu.

Ongeeni na bodi mapema, rasimu ikiwa ingali laini. Kenya, wahitimu zaidi ya mia moja waliosoma shahada halali za vyuo vya umma walifikishana na bodi ya usajili hadi Mahakama ya Juu, baada ya kukataliwa usajili kwa hoja ya programu zisizotambuliwa na bodi. Kijana aliyemaliza miaka mitano hapaswi kusomea sheria mahakamani.

Kwenye waraka wa ithibati wekeni mambo yanayochunguzwa kweli: orodha ya wahadhiri na sifa zao, uwiano wao na wanafunzi, vifaa, vitabu, ile lahajedwali ya matokeo, na ushahidi kwamba mlizungumza na waajiri. Waraka mnene wenye nukuu nyingi za dira za taifa hauongezi chochote.

Hatua ya 11: Mwaka wa kwanza wa utekelezaji

Msiuanzishe mtaala mpya kwa miaka yote minne kwa pamoja. Uingie na mwaka wa kwanza, upande nao. Andaeni mapema jedwali la mpito kwa wanaorudia masomo, maana somo la zamani likifa kuna mtu atakuwa bado analidai, na atakuja mlangoni wiki moja kabla ya mahafali.

Kila mwisho wa muhula kusanyeni vitu vitatu tu: viwango vya kufaulu kwa kila somo, saa ambazo wanafunzi wanasema walitumia kweli kwa wiki, na mazoezi ya maabara yaliyofanyika ukilinganisha na yaliyopangwa. Somo la krediti 8 linalokula saa 15 kwa wiki linaiba kwa jirani yake; likateni au liongezewe krediti kwa kupunguza penginepo. Kamati ikutane siku mbili baada ya matokeo ya muhula, iandike ukurasa mmoja wa mabadiliko na jina la anayehusika na kila badiliko, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa idara mahali wanafunzi wanapobandikiwa matokeo yao.